Kilomita 80 kwa Baiskeli Kwenda Kuomba Radhi

Wanangu, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Watu wake waliishi kweli, milima yake mnaweza kwenda kuipanda hata kesho, na mwenye hadithi aliisimulia kwa kinywa chake mwenyewe mara nyingi kabla hajafariki mwaka 1988. Jina lake Festo Kivengere. Mmeniuliza kutubu ni nini, na mimi naona jambo hili huelewi vizuri mpaka umwone mtu akilitenda.

Festo alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda, eneo ambalo siku zile liliitwa Kigezi. Utotoni alichunga ng'ombe wa kwao. Kishule cha dini kilipofika kijijini, alijifunza kusoma, akabatizwa, akasonga mbele mpaka akawa mwalimu. Mtu akimwona darasani angesema huyu ni Mkristo barabara. Kumbe ndani mambo yalikuwa mengine. Imani ilikuwa imemtoka, pombe imemwingia, na watu waliozungumza habari za Yesu kwa bidii walimkera sana.

Na siku zile watu wa namna hiyo walikuwa wengi kila upande. Ngoja niwaeleze walitoka wapi.

Mwaka 1929 watu wawili walikutana Kampala. Mmoja alikuwa Muganda, Simeoni Nsibambi. Mwingine alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Daktari alikuwa amechoka mwili na roho, kwa maana Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali na yeye alikuwa ameona watu wengi wakifa. Nsibambi naye alikuwa na kiu ya kumjua Mungu kuliko alivyofundishwa. Wakakaa pamoja, wakasoma Biblia, wakaomba. Fikirini jambo hilo kwa wakati ule: Mzungu na Mwafrika wakipiga magoti kama watu wawili wenye shida moja. Daktari akarudi Gahini. Baadaye mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda huko huko kufundisha, na miaka ya 1930 ilipofika katikati, Gahini ilikuwa imewaka. Moto ukavuka mpaka kuingia Kigezi, Ankole na Buganda, ukaenda Burundi, ukafika Kenya mwaka 1937, na Bukoba kwetu Tanganyika nako ukaingia. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka, nasi tukawaita Walokole.

Walokole walifanya nini hata watu wawashangae? Kuimba waliimba, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, bado unaimbwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Kuomba pia waliomba, hata usiku kucha. Lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba Walokole walizitaja dhambi zao kwa majina. Hawakusema tu "sisi sote ni wakosefu", maneno ambayo kila mtu anaweza kuyasema bila hata kuona haya. Walisema niliiba, nilimsingizia fulani, nilimchukia mwenzangu kwa sababu ya kabila lake. Kisha wakaondoka kwenda kwa wenyewe. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekula fedha za kazini alikwenda kuzitaja kwa mkubwa wake. Wamisionari nao, wale waliokuwa wamezoea kufundisha tu, baadhi yao walisimama mbele ya Waafrika wakaomba radhi kwa kiburi chao. Watu wa imani hii wana neno wanalolitumia mpaka leo. Wakisikia una ugomvi na mtu watakwambia, "Nenda ukatengeneze naye."

Basi tumrudie mwalimu wetu. Ndugu zake waliookoka walikuwa wakimwombea, naye alijua, na hilo lilizidi kumchoma. Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikwenda kunywa. Akiwa njiani kurudi alikutana na rafiki yake akija kwa baiskeli. Rafiki huyo alikuwa mwenzake katika mambo yale yale. Alisimama, akamweleza Festo kwamba siku hiyo hiyo Yesu amemsamehe, kisha akamwomba Festo amsamehe kwa mabaya waliyoyafanya pamoja. Halafu akapanda baiskeli yake akaenda zake akiwa na furaha.

Festo alifika nyumbani akiwa amevurugika. Kuhubiriwa angeweza kukataa. Alikuwa msomi, alijua hoja. Lakini rafiki aliyeshuka kwenye baiskeli na kusema "nisamehe" utamjibu hoja gani? Akapiga magoti chumbani mwake, akamlilia Mungu, na tangu siku hiyo akawa mtu mwingine.

Wengi husimulia mpaka hapo wakanyamaza. Mimi naona hapo ndipo hadithi inapoanza.

Kule Kabale, huko huko Kigezi, aliishi mmisionari Mwingereza ambaye Festo alikuwa akimchukia. Msidhani chuki ile ilizuka bure. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, na Mwafrika msomi alikutana na dharau nyingi ambazo hakuruhusiwa kuzijibu. Sasa, siku chache tangu apate furaha yake mpya, Festo akiwa anaomba, yule Mwingereza akamjia moyoni. Kila alipomshukuru Mungu kwa kumsamehe, uso wa mtu yule ulikuwa pale pale. Hakupata amani mpaka alipokubali kwamba lazima aende kwake.

Hebu jiwekeni mahali pake. Ninyi mngesema nini? Mngeweza kusema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeanza, na aje yeye. Mngeweza kusema, mbona hata hajui kwamba namchukia, nikinyamaza itaumiza nani? Maneno yote hayo yana sura ya busara. Festo alichukua baiskeli. Kutoka kwao mpaka kwa yule mmisionari ni maili 50, yaani karibu kilomita 80, na Kigezi ni nchi ya milima inayofuatana. Mahali pengi mpanda baiskeli hana budi kushuka na kusukuma. Alipofika alimweleza yule mzee jinsi Yesu alivyomwokoa, kisha akamwambia kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba amekuja kuomba msamaha. Wote wawili wakakumbatiana wakalia, Mwafrika kijana na Mwingereza, na ile chuki ikaishia pale.

Najua kuna mmoja wenu anayetaka kuuliza: si angetubu tu kwa Mungu, mlango umefungwa, akaokoa safari yote hiyo?

Wahenga wetu wanasema mwiba hutokea pale ulipoingilia. Ukiwa umechomwa unyayo, hata ukifunga kitambaa mkononi na kulia machozi debe zima, mwiba upo. Dhambi ya Festo iliingilia kwa mtu, ikabidi itokee kwa mtu. Na jambo hili halikubuniwa Gahini. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, inamtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake aungame, kisha alipe kile alichochukua kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya 5 juu yake. Kuungama na kulipa vimewekwa pamoja, katika amri moja.

Mnamkumbuka Zakayo wa Yeriko, yule mfupi aliyepanda mkuyu? Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri kwa fedha za watu. Sheria ilimtaka mkosaji anayeungama mwenyewe aongeze ile sehemu ya 5 tu. Zakayo alisema atawarudishia aliowadhulumu mara 4, kiwango ambacho sheria ilimwekea mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Na kabla hata ya hapo alikuwa ameahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Mtu anayepiga hesabu namna hiyo hatafuti tena jinsi ya kupona kwa gharama ndogo.

Lakini angalieni mpangilio wa hadithi ya Zakayo, maana hapa wengi huteleza. Yesu alimwita ashuke na akasema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi kitu chochote. Hakumwambia alipe kwanza ndipo amtembelee. Yule kijana mpotevu katika Luka 15 alikuwa ametunga maneno yake yote ya kumwambia baba, na baba akamkimbilia akiwa bado yuko mbali, hata hotuba yenyewe hakuimaliza. Festo naye hakupanda milima ile ili Mungu amkubali. Alikuwa amekwisha kukubaliwa, kule chumbani, akiwa bado ana harufu ya pombe. Ukiwa umesamehewa deni kubwa namna hiyo, ni vigumu sana kuendelea kumkaba mtu mwingine kwa deni lako dogo. Mkidhani kutubu ni kununua msamaha, mtaishi kwa hofu maisha yenu yote, mkihesabu kama mmelia vya kutosha.

Na kulia peke yake hakutoshi, wala hakuhitajiki kwa kipimo fulani. Usiku ule Yesu alipokamatwa, wanafunzi wake wawili walimtenda vibaya sana. Petro alimkana mara 3. Yuda alimuuza kwa vipande 30 vya fedha. Wote wawili walijuta, na tena mkisoma Mathayo 27 mtaona Yuda alifika mbali: alikiri kwamba amekosa, akarudisha fedha zote. Ila alizipeleka kwa makuhani waliomtumia, watu ambao hawakuwa na cha kumpa, nao wakamwambia hayo ni mambo yako. Akatoka peke yake na majuto yake, akaangamia nayo. Petro alilia kwa uchungu, lakini Yesu alipotokea ufukoni mwa Bahari ya Galilaya, Petro alijitupa majini ili amfikie haraka. Huko ufukoni akaulizwa mara 3 kama anampenda, na akakabidhiwa kondoo awachunge. Naamini kabisa kwamba kama Yuda naye angengoja mpaka asubuhi ya Pasaka, angepokewa. Kwa hiyo kijana yeyote anayesoma hapa na kujiambia kwamba alilolifanya limepita kiasi, namwomba asibaki peke yake na jambo hilo. Mtafute mtu umweleze leo.

Turudi kwa Festo, maana angekuwa ametubu mara moja tu nisingemchukua kuwa mwalimu wetu.

Alimwoa Mera. Katikati ya miaka ya 1940 wakaja Tanganyika, akawa mwalimu Dodoma kwa miaka mingi, akakijua Kiswahili kiasi kwamba mhubiri Billy Graham alipokuja Tanganyika mwaka 1960, Festo ndiye aliyemtafsiria. Basi siku moja, mtu huyu ambaye watu walimngojea mkutanoni, aligombana na mkewe kabla ya kwenda kuhubiri. Akachukua Biblia yake akaondoka. Alisimulia kwamba moyoni alisikia akiambiwa arudi akatengeneze na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba muda umekwisha, atatengeneza akirudi. Jibu alilolipata ni kwamba aende basi akahubiri, ila Bwana mwenyewe atabaki nyumbani, jikoni, pamoja na Mera. Festo aligeuka akarudi jikoni.

Jambo hili la jikoni ni dogo kuliko la Kabale, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi. Mtu wa mbali unamwomba radhi mara moja na kuagana. Wa nyumbani anakujua. Kesho asubuhi atakuona tena, na ataona kama ulikuwa unasema kweli. Ndiyo maana wengi wetu ni wapole kanisani na wakali kwa wadogo zetu.

Mwaka 1972 Festo akawa askofu wa Kigezi. Wakati huo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971, na watu wengi walikuwa wakiuawa. Maaskofu walipoandika kupinga mauaji, askofu mkuu wao, Janani Luwum, alikamatwa na kuuawa, tarehe 16 Februari 1977. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, lakini watu hawakuamini. Festo akapewa habari kwamba anayefuata ni yeye. Yeye na Mera wakatoroka usiku, wakaacha gari, wakavuka milima kwa miguu mpaka wakaingia Rwanda.

Aliyewahi kumpoteza rafiki kwa njia hiyo atajua kilichokuwa moyoni mwa askofu. Alikuwa uhamishoni, akihubiri na kueleza dunia yanayotendeka Uganda, na kidogo kidogo uchungu ukawa unamkausha. Ijumaa Kuu ya mwaka huo huo alikaa kanisani London, akasikia habari za Yesu akiwaombea msamaha askari waliokuwa wakimpigilia misumari. Akajiuliza: angekuwa Amin ndiye aliyeshika nyundo ile, je, Yesu angemwacha nje ya sala yake? Akaona kwamba asingemwacha. Akatubu chuki yake kwa Amin, yeye askofu, miaka zaidi ya 30 tangu ile safari ya baiskeli. Kisha akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Watu walikasirika, na ninawaelewa. Lakini msikilize vizuri alichotubia. Hakutubu kwa kusema ukweli juu ya mauaji. Huo aliendelea kuusema, na aliwasaidia wakimbizi waliotoroka mauaji hayo. Hakusema Amin hana hatia. Alitubu chuki yake mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Amin alipoanguka mwaka 1979, Festo alirudi Kigezi akaendelea na kazi.

Hapa lazima niseme jambo moja wazi, kwa sababu limewahi kupotoshwa. Ikiwa mtu mzima amekuumiza, amekugusa vibaya au amekupiga bila haki, hiyo ni dhambi yake, nawe huna cha kutubia. Mtu asikwambie ukamwombe radhi, wala asikulazimishe unyamaze kwa jina la msamaha. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na kama hakusikii, mwambie mwingine. Tena, si kila dhambi ni ya kutangazwa mbele ya mkutano. Walokole wenyewe walikosea hapo wakati mwingine. Wapo waliowabana wenzao waseme kila kitu hadharani, na wapo waliojiona bora kwa sababu wao wamesema. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni hiki: kosa lifike kwa Mungu na kwa yule uliyemkosea, na kwa waliolishuhudia. Wanangu Wakatoliki wanaye padre katika kitubio, na siri ile haitoki. Wengine mna mchungaji, au mzee wa kanisa, au bibi.

Lakini kama uliandika uongo juu ya mwenzako kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kumtumia yeye peke yake ujumbe wa faragha hakumalizi kazi. Watu 40 waliusoma uongo, basi na wausome ukweli, kwenye kundi lile lile, kwa jina lako. Kama ulichukua fedha kwenye mkoba wa mama, zirudishe kwanza, na adhabu ikija ipokee bila kununa. Na kama uliyemkosea akakataa kukusamehe, usimlazimishe wala usimsumbue; huyo ana haki ya kupewa muda.

Nina hakika tulipokuwa tukimfuata Festo kwenye milima ile kuna jina lilimjia kila mmoja wenu. Mwende kwake kabla juma hili halijaisha. Anayeogopa kwenda peke yake amwombe mzazi wake au mchungaji wake amsindikize.